Picha za bure za ARASAAC, kaunta buku na velkro: tathmini ya anayezitumia kazini kila siku

Nafanya kazi katika asasi ndogo upande wa Mbagala, Dar es Salaam. Tunahudumia watoto wenye usonji, wenye tatizo la umakini na utulivu, na wachache wenye sindromu ya Down, pamoja na wazazi na walezi wao. Wengi wanaoletwa kwetu hawasemi kabisa, au wana maneno machache ambayo ni mama peke yake anayeyaelewa. Kwa hiyo swali ninaloulizwa kuliko jingine lolote ni hili: "Mwalimu, ninunue nini?" Anayeuliza mara nyingi ameshapata jibu kutoka kwa shemeji aliye Ulaya au kwa mtu wa kanisani anayetaka kuchangia, na jibu hilo ni tableti.

Jibu langu ni picha za ARASAAC zilizochapwa kwenye karatasi, kaunta buku moja na velkro, ule utepe wa kubandika na kubandua: mtoto asiyesema anabandua kadi ya picha kwenye buku na kumpa mtu, na hivyo anasema anachotaka. Naandika kwa urefu ili mzazi wa Mwanza au Lindi asiyeweza kufika kwetu ajue anapata nini, anafanya nini, na wapi mambo huharibika.

ARASAAC ni hazina ya michoro iliyoanzishwa 2007 huko Aragón, jimbo la kaskazini mashariki mwa Hispania. Serikali ya jimbo hilo ndiyo mmiliki, na mchoraji ni Sergio Palao. Kuna michoro zaidi ya 10,000, kila mmoja ukiwa na toleo la rangi na toleo la nyeusi na nyeupe, na yote hupakuliwa bure. Hakuna kujisajili wala kuweka namba ya kadi ya benki, na hakuna siku utakapoambiwa muda wa majaribio umekwisha. Kwa asasi inayoomba fedha ya karatasi kwa barua, hilo peke yake ni jambo kubwa.

Michoro yenyewe imetulia. Mistari ni minene, hakuna mapambo, na nyuma ya kitu hakuna bustani wala jua linalocheka. Mtoto mwenye usonji mara nyingi macho yake hukamata kile ambacho wewe hukukusudia: ukimpa picha ya kikombe iliyopigwa juu ya kitambaa cha maua, yeye anaweza kuwa anaangalia ua. Hapa anaona kikombe tu. Tena, kabla hujapakua mchoro wenye mtu, tovuti inakuruhusu kubadilisha rangi ya ngozi na ya nywele. Wazazi hulifurahia hilo kuliko nilivyotarajia. Baba mmoja dereva wa bodaboda alikaa nami kwenye kompyuta akichagua rangi kwa makini, akarudisha nyuma, akachagua tena, mpaka mtoto wa kwenye picha akawa mweusi kama mwanawe. "Huyo sasa ndiye yeye," akasema, akainuka kwenda kazini.

Jiko, choo, kitanda na basi vimechorwa na mtu wa Hispania, na ndivyo inavyotarajiwa. Mchoraji huchora nyumba anayoijua. Mtoto wa kwetu hajawahi kukalia choo cha namna ile, na nyumbani kwao chakula hupikwa kwenye jiko la mkaa uwani. Kwa baadhi ya watoto hiyo si shida, wanajifunza kwamba mchoro huu maana yake ni kule uani, basi. Kwa wengine ni shida kubwa, hasa wale ambao kwao kitu ni kile kile hasa, na kikombe cha bluu si ndugu wa kikombe chekundu. Hao tunawapigia picha kwa simu: mlango wa choo chao wenyewe, sufuria yao ya ugali, daladala la Mbagala, bibi yao. Chakula karibu chote tunakipiga picha. Ukipiga, weka kitu juu ya shuka jeupe au karatasi nyeupe, karibu na dirisha, na ukate kila kinachobaki pembeni. Baadaye mtoto akizoea unaweza kumwingiza kwenye michoro polepole. Tunachanganya bila wasiwasi, nusu michoro ya Aragón, nusu picha za uwani Mbagala, na sijaona mtoto aliyelalamika.

Sasa kuchapa, maana hapa ndipo fedha za watu zinapopotea. Peleka picha zako stesheneri kwenye fleshi, zikiwa zimeshapangwa kwenye ukurasa wa A4. Ukimwachia kijana wa dukani azipange yeye, utalipia muda wake na hazitalingana. Sisi hupanga kadi 12 kwa ukurasa kwa mtoto mdogo au mwenye shida ya kushika, na 20 kwa aliyezoea. Omba printa ya leza. Ile ya wino wa maji hutoka vizuri dukani, lakini mkono wa mtoto wenye jasho au mate ukigusa pembeni, rangi inatembea. Kama rangi ni ghali, chapa nyeusi na nyeupe. Watoto wengi huelewa vile vile.

Na tafadhali, kata kadi kwanza ndipo uweke laminesheni. Kila stesheneri watataka kulaminisha ukurasa mzima kisha wakukatie, kwa sababu ni haraka. Ukikubali, ukingo wa kila kadi unabaki wazi, na kwa hewa ya Dar es Salaam baada ya muda plastiki inafunguka kama kitabu, karatasi inanyonya maji, na mtoto anayependa kuchambua atamaliza kazi siku hiyo hiyo. Kata karatasi, zipange kwenye plastiki ukiacha nafasi, pitisha kwenye mashine, halafu kata tena ukiacha ukingo wa plastiki wa milimita chache kuzunguka kadi nzima. Pembe zizungushe kwa mkasi, kwani zikiachwa kali huchoma kiganja, na mtoto aliyechomwa na kadi hatataka kuishika tena. Kama laminesheni haipatikani ulipo, selotepu pana ya kufungia maboksi, mbele na nyuma, inafaa. Itadumu kwa muda mfupi zaidi, lakini inafaa, na hakuna sababu ya kungoja.

Velkro nunua kwa mita kwa wauza vifaa vya cherehani, siyo ile ya vipande vyenye gundi yake. Gundi ile hulainika kwa joto, kadi zikaanza kuteleza kurasani. Ya cherehani inabandikwa kwa supaglu na haiondoki. Chagua sheria moja na usiibadilishe kamwe: kwetu upande wa kwaruza unakaa nyuma ya kadi, upande laini unakaa kwenye kaunta buku. Ukichanganya, kadi za nyumbani hazitashika kwenye buku la kituoni. Kaunta buku nalo linafaa kuliko faili la plastiki, kwa kuwa jalada lake ni gumu, linasimama mezani, halivunjiki likikaliwa na mtu, na duka la mtaani linalo. Seti ya kuanzia, kwa bei za stesheneri ninakokwenda mimi, haijazidi Sh 15,000, pamoja na buku lenyewe.

Huo ni upande wa vifaa. Matumizi ndiyo yanayoamua kama umenunua sauti ya mtoto au pambo la ukuta.

Sisi tunafuata mtiririko wa njia inayojulikana kwa kifupi cha PECS, yaani kuwasiliana kwa kumpa mtu picha, iliyoanzishwa 1985 Marekani na Andy Bondy na Lori Frost, walipokuwa wakifanya kazi na watoto wenye usonji katika jimbo la Delaware. Ina hatua sita, na ya kwanza inawashangaza wazazi wote: huanzi kwa kumfundisha mtoto jina la picha. Unaanza kwa kumfundisha kwamba kuna mtu wa kumwendea. Mtafutie kitu anachokipenda kwelikweli. Kwa watoto wetu ubuyu unashinda kila kitu, ukifuatiwa na puto. Mtu mmoja anakaa mbele yake na ubuyu mkononi. Wa pili anakaa nyuma ya mtoto, kimya kabisa. Mtoto akinyoosha mkono kuuchukua ubuyu, yule wa nyuma anauongoza mkono ule uchukue kadi na kuiweka kwenye kiganja cha yule wa mbele. Papo hapo anapewa ubuyu na kutajiwa jina lake. Hakuna kumuuliza "unataka nini?", wala kumwambia "sema ubuyu". Ukiuliza wewe kwanza, umemfundisha kungoja kuulizwa, na mtoto anayengoja kuulizwa ataketi na kiu yake mchana kutwa.

Hapo wazazi husema, "Mwalimu, nyumbani niko peke yangu." Nakubali kwamba hatua hii inadai watu wawili, na njia hii iliandikwa mahali penye wasaidizi wa darasa. Lakini nyumba zetu nyingi za kupanga zina uwani mmoja na wapangaji watano. Dada wa miaka kumi anafaa sana kukaa nyuma, anafaa kuliko watu wazima kwa sababu ukimwambia asiseme, hasemi. Mtu mzima hujisahau. Anaona mtoto anasita, moyo unamuuma, anatamka: "Chukua hiyo mwanangu, chukua." Hatua inayofuata mtoto anafundishwa kutembea: buku liko mbali, mama yuko jikoni amempa mgongo, na yeye anaifuata kadi, anamfuata mama, anamvuta kanga na kumpa. Naipenda hatua hiyo kuliko zote. Baada yake ndipo anajifunza kutofautisha kadi moja na nyingine, kisha kuunga sentensi, kisha kujibu swali, na mwisho kueleza anachokiona au kukisikia. Kwenye kuunga, vitabu na programu nyingi zinaweka kadi ya "mimi" na nyingine ya "kutaka". Sisi tunatengeneza moja tu, NATAKA, kama tunavyosema.

Kuna hofu moja nakutana nayo kila wiki, na inatoka zaidi kwa mabibi na kwa akina baba: kwamba mtoto akizoea kadi atakuwa mvivu wa kusema. Ni hofu ya watu wanaompenda, kwa hiyo siipuuzi. Diane Millar, Janice Light na Ralf Schlosser walichapisha mwaka 2006 mapitio ya tafiti zilizofanywa kuhusu jambo hili hasa. Katika watu 27 ambao ushahidi wao ulikuwa imara, hakuna hata mmoja aliyepoteza usemi kwa kutumia mawasiliano mbadala, yaani njia za kuwasiliana bila ulimi kama kadi hizi, na 89% usemi wao uliongezeka. Nyongeza zenyewe mara nyingi zilikuwa ndogo, na mzazi namwambia hivyo hivyo, simwahidi kwamba mtoto ataamka anahutubia. Namwambia kadi haichukui nafasi ya ulimi. Halafu namuuliza: mpaka ulimi uje, mtoto akitaka maji atafanyaje? Kwa kawaida jibu ni kwamba atalia, au atajipiga.

Nafika kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike. Seti ya kadi inaweza kuwa nzuri, imekatwa vizuri, inang'aa, na bado isiwe ya mtoto. Nimeingia kwenye madarasa na vituo ambako ukutani kumepangwa kadi: KAA, NYAMAZA, SUBIRI, MIKONO CHINI, PANGA MSTARI. Mwalimu anazinyooshea kidole mchana kutwa. Mtoto hana hata moja ya kumnyooshea mwalimu. Kadi hizo zina faida yake, hasa za kuonyesha ratiba ya siku, maana mtoto mwenye usonji akijua kinachofuata mwili wake hutulia. Lakini zikiwa peke yake, zimeongeza sauti ya mtu ambaye tayari alikuwa na sauti.

Kwa hiyo nikikagua buku la mtoto, naangalia kwanza kama ana kadi za kutupinga. Ana HAPANA? Ana BASI, kwa maana ya inatosha, nimemaliza? Ana NISAIDIE? Ana KELELE? Na akizitoa, tunazitii? HAPANA isiyotiiwa ni plastiki tu. Si kila mara inawezekana, dawa lazima inywewe na barabara lazima ivukwe kwa kushikwa mkono, na hapo tunamwonyesha kwamba tumesikia, kisha tunamwonyesha kadi ya kitakachofuata. Lakini zipo hapana nyingi sana za siku ambazo mtu mzima angeweza kuzikubali bila kupoteza chochote. Hataki uji wa moto sana. Hataki kubusiwa na mgeni. Hataki shati lile lenye lebo inayomkwaruza shingoni. Tumeona watoto waliokuwa wanauma wakipunguza kuuma baada ya kupewa HAPANA inayofanya kazi, na sababu haihitaji mganga: meno ndiyo yaliyokuwa hapana yao.

KELELE tuliiongeza kwa ajili ya mtaa wetu. Mwisho wa wiki kuna sherehe, sabufa zinafungwa barabarani na singeli inapigwa mpaka usiku wa manane. Kwa watoto wetu wengine sauti ile ni maumivu ya mwili. Kijana mmoja alikuwa anakimbia, anapotea, anatafutwa mtaa mzima, na majirani wanasema mama yake hamlindi. Sasa anamletea mama kadi, mama anamfunga kitambaa kizito masikioni au wanaondoka wote kwenda kwa shangazi. Hafanyi hivyo kila mara. Mara nyingine bado anakimbia. Lakini mama yake anasema tofauti ni kwamba sasa anajua anakimbia nini.

Na INAUMA. Kama utachapa kadi moja tu katika hizi zote, chapa hii, pamoja na mchoro wa mwili mzima wa mtoto. Michoro ya viungo vya mwili na ya maumivu ARASAAC wanayo mingi, na kwangu ndiyo sehemu bora ya hazina yao yote. Tulikuwa na mvulana wa karibu miaka tisa aliyeanza kujipiga shavu kwa ngumi. Bibi yake, aliyemlea tangu mchanga, alikuwa amehangaika huku na huko, ameambiwa ni mashetani, ameambiwa ni tabia na achapwe. Mtoto alikuwa tayari anaijua INAUMA, tulimfundisha kwa vidonda vidogo vya kuanguka uwanjani, tukionyesha kidonda, tukitoa kadi, tukiosha, tukipuliza. Lakini hakuwahi kuitoa kwa kitu kisichoonekana. Tukaanza kumwonyesha mwili, kila siku kidogo, tukigusa sikio lake na sikio la kwenye mchoro, tumbo na tumbo, kinywa na kinywa. Ilichukua muda mrefu na kuna siku nilidhani hakuna kinachoingia. Siku moja aliiweka INAUMA juu ya mdomo wa mchoro, akakandamiza, akaitoa, akaiweka tena. Jino la nyuma lilikuwa limeoza hadi kwenye fizi. Bibi alipotoka naye kwa daktari wa meno hakuja kunishukuru, alikuja kukaa tu kwenye kiti akasema, "Mwanangu, miezi yote ile alikuwa ananiambia."

Simulizi hiyo nisingependa itumike kuuza kadi kama muujiza. Ni kazi ya kurudiarudia, na bila bibi kuendelea nayo nyumbani jioni, isingetokea. Hapa nina neno kwa vituo vyenzangu: buku lisilale kituoni. Najua kwa nini tunalificha kabatini, kadi zinapotea, na kuzichapa upya ni gharama. Lakini mtoto yuko kwetu saa chache. Njaa ya usiku, choo cha alfajiri na ndoto mbaya viko nyumbani. Kila mtoto anahitaji seti mbili, au moja inayosafiri naye begani. Sisi sasa tunachapa mbili mbili tangu mwanzo, na zile muhimu tano tunazitoboa na kuzifunga kwenye pete ya funguo inayoning'inia kwenye begi, ili hata kwenye daladala awe nazo. Mafunzo ya walezi ya Shirika la Afya Duniani, yenye vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, yamejengwa juu ya wazo hilo hilo, kwamba mtoto anajifunza mawasiliano ndani ya kuoga, kula na kufua vya kila siku, pamoja na mtu wake. Mzazi aliyepitia mafunzo yale huzitumia kadi kwa wepesi ambao sisi kituoni hatuufikii.

Kuhusu tableti. Siipingi. Kuna vijana wetu wawili watatu ambao kadi ziliwajaa, buku likawa zito, na kwao skrini ilikuwa hatua inayofuata. LetMeTalk ni programu ya bure ya simu za Android, inatumia michoro hii hii ya ARASAAC na haihitaji bando ikishapakuliwa. Cboard nayo ni ya bure, imepata msaada wa UNICEF, na inafunguka hata kwenye kivinjari cha kompyuta. Sauti ya Kiswahili ipo kwenye huduma ya kusoma maandishi ya Google, ni ya mashine lakini inaeleweka. Kuna programu za kulipia zenye sifa kubwa, kama Proloquo2Go, ambayo ni ya vifaa vya Apple tu na bei yake ni karibu dola 250. Kwa familia tunazohudumia, fedha hiyo ni kodi ya chumba kwa miezi mingi.

Tatizo langu na kuanzia kwenye tableti si bei peke yake. Tableti inayo katuni ndani yake, na mtoto anajua. Ikiisha chaji, sauti yake imezimika. Ikianguka kwenye ndoo ya maji, familia inalia. Kwa hiyo mama anaiweka juu ya kabati ili isiharibike, anaishusha wageni wakija. Nimeona tableti za msaada zilizokaa juu ya kabati hivyo, zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, safi kabisa. Kadi ikiliwa na mtoto, tunachapa nyingine. Na kuna jambo la msingi zaidi: kadi lazima uipeleke mkononi mwa mtu. Skrini unaweza kuibonyeza peke yako kwenye kona, ikasema "maji, maji, maji", na hakuna anayegeuka. Akishajua kumwendea mtu, mpe skrini.

Leseni ya michoro ya ARASAAC pia isemwe, kwa kuwa watu wanaivunja bila kujua. Unaruhusiwa kuchapa, kugawa na hata kubadilisha michoro, mradi utaje mchoraji Sergio Palao, ARASAAC na Serikali ya Aragón kama mmiliki, usiiuze, na kazi yako nayo uiachie kwa masharti hayo hayo. Kulipia wino na plastiki stesheneri ni sawa. Kununua "seti ya usonji" yenye michoro hii kwa bei kubwa kutoka kwa mtu wa mtandaoni si sawa, na wapo. Sisi tunaandika mstari wa majina hayo nyuma ya kila jalada. Mzazi akiletewa seti ya kuuziwa, aigeuze aangalie kama majina yapo.

Ningependa siku moja kuwe na hazina yetu ya namna hii, yenye mbuzi na jiko la mkaa, mkeka, ndoo ya kuogea na bajaji, ikichorwa na vijana wa hapa kwa unene ule ule wa mstari. Chuo cha Ualimu Patandi kinafundisha walimu wa elimu maalumu, shule kama Msimbazi Mseto zina vitengo vya usonji, na wachoraji Dar es Salaam hatuna uhaba. Mpaka hapo, simu na shuka jeupe vinatosha kujaza mapengo.

Mwezi uliopita ustadhi wa madrasa jirani alikuja ofisini na mtoto wetu mmoja. Alikuwa ameliona buku lake, ameuliza linafanyaje kazi, na mtoto alimjibu kwa kumpa CHOO, akapelekwa, akarudi. Ustadhi akaomba seti ya madrasa. Tulikaa tukaandika orodha: UDHU, VIATU, MSIKITI, MKEKA, NIMECHOKA, MAJI. Nikamuuliza kama niweke na NYAMAZA, kwa kuwa ni darasa. Akafikiri kidogo. "Hiyo nitamwambia kwa mdomo," akasema. "Niwekee HAPANA." Picha za udhu tumezipiga kwenye bomba lao wenyewe, na Jumatatu naenda nazo stesheneri.